Wepukhulu na Mawe ya Mpaka wa Namukelo

Namukelo ni kijiji kidogo chini ya mji wa Cheptais, kwenye mteremko wa mlima, mahali Kenya inapoishia. Ukivuka mto uko Uganda. Mvua kubwa za mwaka wa 1961 ziliuhamisha mto huo, na boma tatu zikaamkia nchi nyingine. Wenyewe walicheka tu, wakaendelea kulima.

Habari hizi tulizipata kwa Mzee Wepukhulu. Hakuwa chifu wala mwalimu; kazi iliyompa jina ilikuwa ya kubeba mnyororo. Mwaka wa 1968 serikali ilituma wapimaji kugawa mashamba yetu, nao wakamchukua yeye, kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye miguu mirefu. Alishika ncha moja ya mnyororo wa chuma, mpimaji akashika nyingine, wakatembea miezi saba kwenye matope na migomba. Kila pembe ya shamba alichimba shimo na kusimika jiwe la saruji. Kazi ilipoisha wapimaji walirudi Nairobi, wakamwachia jozi ya buti.

Tangu siku hiyo, majirani wakigombania mpaka, yeye ndiye aliyeitwa. Alihesabu hatua kutoka josho la ng'ombe au kona ya kanisa, akachimba, na jiwe likaonekana. Mgeni akija siku ya Jumapili, Wepukhulu alimzungusha kijiji kizima. Alimwonyesha duka la Mhindi, ingawa Mhindi mwenyewe aliondoka kabla ya Uhuru. Alimwonyesha ukuta wa kanisa wenye weusi wa moshi, pale Waganda waliokimbia vita mwaka wa 1979 walipopikia wiki tatu. Mkewe, Jerono, alikuwa akimfuata nyuma akimsahihisha.

"Si wiki tatu, Baba Nabwile. Ni tano. Mimi ndiye niliwapelekea maziwa."

Jerono alikuwa Msabaoti kutoka juu mlimani, na mumewe Mbukusu. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka wa 2006 maneno ya mashamba yaliharibika. Watu walianza kuuliza nani alitangulia kufika na nani alipewa ardhi isiyo yake. Kisha zikaja bunduki. Machi mwaka uliofuata, mchana wa jua kali, wawili hao walikuwa uani wakipukuchua maharagwe. Vijana saba wakaingia.

"Mzee, ati ni wewe unajua mawe yote?"

"Ninajua."

"Chukua jembe. Tunataka uyatoe."

"Mkitoa, hata nyinyi hamtajua mashamba yenu yaliishia wapi."

Jerono akasimama, akawasemesha kwa Kisabaoti, lugha yao. Mmoja wao Jerono alimfahamu, akamtaja baba wa kijana huyo kwa jina, naye kijana akainamisha uso. Lakini mkubwa wao alimwamuru Jerono akae chini. Akamwambia Wepukhulu kwamba mama atabaki pale nyumbani na vijana wawili, na akimaliza kazi atamkuta salama.

Akachukua jembe. Siku ile na kesho yake, bunduki zikiwa mgongoni, alitembea Namukelo yote akihesabu hatua na kung'oa mawe aliyoyasimika mwenyewe. Yalikuwa arobaini na moja. Watu waliojificha kwenye migomba walimwona. Waliona jembe na mikono yake. Sababu hawakuijua.

Aliporudi, nyumba ilikuwa majivu na Jerono hayupo. Alimwita mpaka sauti ikakauka. Mtu mmoja aliyekuwa akikimbia na godoro kichwani alimwambia ameona wanawake wakielekezwa mtoni. Alikwenda mtoni, hakukuta mtu.

Sisi wengine tulikimbilia Bungoma, tukalala kwenye mahema. Huko ndiko Wepukhulu alikokutana na jirani yake Nasimiyu, ambaye mumewe aliuawa wiki hiyo hiyo. Wepukhulu alikwenda kumpa pole. Nasimiyu hakupokea mkono wake.

"Si ni wewe ulitoa mawe? Umekuja kunipa pole ya nini, bana?"

Watu walisikia. Mzee angeweza kueleza, lakini aligeuka tu, akaenda kukaa peke yake nyuma ya tangi la maji. Tangu hapo wengi walimpita bila salamu. Mimi pia nilimpita, na ninalisema hapa kwa aibu.

Binti yake Nabwile, aliyeuza mitumba Kitale, alikuja kumchukua. Walikaa Kibomet, mtaa wa Kitale, vyumba viwili vya kupanga kwenye ploti ya mtu aitwaye Gicheru.  Nabwile alisema baba yake alichukua kalenda kuukuu, akageuza karatasi, akaanza kuchora: kanisa, josho, duka la Mhindi, kila boma na jina la mwenyewe. Mvua ya pili ilipoanza alikuwa amejaza kalenda tatu.

Mwanzoni mwa 2009, bunduki zikiwa zimenyamaza, watu walianza kurudi. Nasimiyu alikuta shemeji zake wamelima mpaka mlangoni kwake. Akapanda gari hadi Kitale, akauliza njia, akamkuta mzee akichambua mboga.

"Baba Nabwile, hawanipi hata pa kupanda kunde. Rudi utuonyeshe."

Alinawa mikono, akavaa koti.

Namukelo hakukuwa na pa kuanzia. Josho lilikuwa limebomolewa, na kanisa lilibaki msingi uliofunikwa na magugu. Alisimama kwenye kona ya msingi, akahesabu hatua, akachimba kutafuta shimo la jiwe la zamani. Hakuna kitu. Akarudi, akahesabu tena. Mara ya tatu alikaa chini kwenye udongo, akalia mbele yetu sote.

"Miguu imefupika," alisema. "Hatua zangu si zile."

Nasimiyu ndiye aliyeleta kamba. Mzee aliipima futi sitini na sita, urefu wa ule mnyororo, akamwambia ashike ncha. Wakafanya kazi siku nne, kalenda zikiwa zimekunjwa mfukoni. Palipokuwa na jiwe udongo ulikuwa laini, jembe likizama lenyewe. Walipata pembe ishirini na saba, wakapanda mkonge kwenye kila moja. Zilizobaki alikiri hakuziona.

Siku ya mwisho Nasimiyu alimwekea ugali na kuku. "Nilikusema vibaya kule Bungoma."

"Hukusema uongo," alijibu. "Mikono ilikuwa yangu."

Kisha alivuka mto kumtafuta Jerono. Aliuliza nyumba kwa nyumba upande wa Uganda, hadi mama mmoja akamwambia kwamba Machi ile walizika wanawake wanne ukingoni, bila majina. Mmoja alikuwa na leso ya kijani. Mzee alikumbuka leso ya kijani ya Jerono, lakini ni nani hana leso ya kijani? Mama alimpeleka ukingoni. Mto ulikuwa umefurika mara mbili tangu wakati huo, na kingo zote zilifanana. Alivua kofia, akakaa pale hadi jua lilipoinama.

Alifariki Novemba mwaka huo, Kibomet, kwa kifua. Nabwile alimleta Namukelo kumzika. Tulikuwa watu wachache, mvua ikinyesha, na Nasimiyu ndiye aliyeimbisha. Mchungaji aliuliza kama yuko mtu wa kusema neno juu ya marehemu. Nilisimama, nikajaribu kueleza habari ya Waganda waliopikia kanisani, nikakwama kwenye idadi ya wiki, tatu au tano, nikakaa.