Kigae Kilichotemewa Mate

Mwaka mmoja wa sabini na kitu nilipitia nyumbani Endarasha nikiwa nimebeba kigae cha kauri, ukubwa wa kiberiti. Nilikuwa nimekitengeneza mwenyewe chuo kikuu. Ng'ambo kulikuwa na mtambo unaokimbiza chembe zisizoonekana ndani ya bomba lisilo na hewa, nami ningekiweka kigae changu katikati ya njia yao. Zikikigonga, kinang'aa, na wenye mtambo wanajua mwali wao unapita wapi. Kikikataa kung'aa, ningerudishwa kulima viazi. Profesa wangu alikuwa amenionya: hata jasho la kidole likibaki juu yake, litachafua bomba zima.

Baba akataka kukiona. Nikakitoa kwenye kitambaa, nikakishika kwa ncha za vidole.

"Ati miaka nne university," akasema, "na unaniletea tile ya choo?"

Nikakasirika, maana hasira zangu ziko karibu. Nikamweleza mpaka chai ikapoa. Akasikiliza, akaguswa. Na mzee wa kwetu akiguswa hatoi hotuba, hubariki kwa mate. Kabla sijarudi nyuma alikuwa amekohoa, amekusanya, na puu! Kigae chote. Shangazi naye, asiyependa kupitwa na jambo, akaongeza ya kwake, yenye ugoro.

Nilitaka kulia. Kupangusa mate ya mzee mbele yake ni kujilaani, kwa hiyo nilisimama pale nikitabasamu kama mjinga huku baraka zikinitiririka hadi kiwiko. Kesho yake nikaenda zahanati, nikaomba spiriti, nikakisugua kigae nyuma ya choo kama mwizi.

Ng'ambo kiling'aa, chekundu kama kaa la jikoni. Wenye mtambo wakanipigia makofi. Niliinama nikashukuru, lakini nafsi ilinisuta: nilikuwa nimeifuta baraka ya baba yangu mzazi. Nilikaa na aibu hiyo miaka miwili, hadi Krismasi moja nikamwambia ukweli, macho yakiwa chini.

Akanitazama kama mtu aliyetupa karo bure.

"Na wewe ulisoma kweli? Nani anabariki tile? Mimi nilitemea hiyo mkono ilikuwa imeshika. Sasa niambie, ni mkono gani iliosha hiyo tile?"