Njaa Ipi, Bibi?

Kosa langu la kwanza la kuandika nililifanya nikiwa darasa la saba, kwa kalamu ya bluu na mwandiko niliouonea fahari. Nilimjazia bibi fomu ya kitambulisho.

Juzi nimerudi Ngulyati, nikamkuta shangazi anaanika michembe juu ya jiwe lile lile la nyuma ya nyumba. Harufu ya viazi vinavyokauka ikanirudisha siku ile. Bibi alikuwa amekaa hapo, anakata viazi vipande vyembamba, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Nikamuuliza alizaliwa lini.

"Mwaka wa njaa," akasema, kisu hakikusimama.

Mimi nilijua njaa moja tu, ile aliyotufundisha mwalimu. Nikaandika mwaka wake, nikapuliza wino, nikajisifu moyoni.

Bariadi mjini, karani aliisoma fomu mara mbili, akailinganisha na ya shangazi. "Bibi, humu umezaliwa baada ya binti yako."

Foleni nzima ikacheka. "Basi amwamkie binti yake shikamoo!" akadakia mama mmoja.

"Mjukuu wangu kanirudishia ujana," bibi akamjibu. "Wewe una wivu tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Fomu ikarudishwa.

Jioni akanikalisha kwenye jiwe. "Hukuniuliza njaa ipi." Yake ilikuwa ya nzige, mama yake alimbeba mgongoni akichimba mizizi porini. Ile ya mwalimu ilimkuta ana watoto watatu, ndiyo kwanza wamehamishiwa kijiji kipya, kihenge cha mtama kimebaki kwenye nyumba iliyobomolewa. Wakavuka kwa michembe. Kisha ikaja vita ya Uganda, sabuni ikaadimika, wakafulia majani ya mpapai. "Ndiyo maana nakata viazi kila mwaka," akasema, "hata mwaka wa mavuno."

Mimi nilikuwa nikidhani anapenda tu michembe.

Alipofariki mwaka jana, waliniachia mimi maneno ya kaburini, kwa kuwa ndimi ninayeandika. Nilichana karatasi saba. Tarehe ya kitambulisho tuliikisia tu, na kila nilipoiandika niliikata. Mwishowe fundi alichonga: Alizaliwa njaa ya nzige.

Aliyeikumbuka njaa hiyo kwetu hayupo tena. Siku hizi mtu akinitajia mwaka, siandiki kitu mpaka nimuulize ulikuwa mwaka wa nini.