Bibi na Sinki Lililokoroma

Gulu, gulu, gulu, gwaak! Kimya kidogo, halafu tena, gwak, kama mtu mzima aliyeshiba vibaya. Ndivyo lilivyokuwa likilia sinki la jikoni kwenye nyumba niliyofanyia kazi Mikumi, na mpaka leo nikimwaga maji popote, sikio langu linasubiri ile gwak.

Sinki lile lilikuwa na heshima kuliko watu. Anti, yaani mama mwenye nyumba, akipata mgeni hamwonyeshi sebule kwanza. Anampeleka jikoni, anafungua bomba, anafunga, kisha anasema, "Ndiyo hivyo, sisi siku hizi maji machafu hatuyaoni." Hatuyaoni! Yalikuwa yanakwenda hatua kumi tu, shimoni nyuma ya banda la kuku, lakini ukimsikiliza ungedhani yanapanda treni kwenda Dar. Mimi nami sijitoi, nililipenda. Nilitoka kwetu Kilosa na darasa la saba langu, na kila nikiosha vyombo pale nilikuwa nafungua mgahawa kichwani: meza sita, vitambaa vya njano, na masinki mawili, moja langu na moja la wateja wanaokuja kutazama tembo.

Mwaka huo mume wa anti, dereva wa malori, alimleta mama yake kutoka upande wa Berega kwa sababu paa la nyumba ya bibi lilikuwa linavuja mpaka kitandani. Akamshusha, akaondoka tena na lori lake. Siku ya kwanza bibi alisimama mbele ya sinki muda mrefu.

"Mjukuu wangu, maji ya humu yanakwenda wapi?"

"Shimoni, bibi."

"Kumbe ni shimo tu, ila limejengewa mlango mzuri."

Nilicheka mpaka nikaangusha mwiko. Anti hakucheka.

Bibi alikuwa na taratibu yake. Akimaliza kula ugali anakung'utia vidole kwenye sahani, chembe kwa chembe, anazipeleka kwa kuku, ndipo anakwenda kunawa. Mkono wake ulipofika kwenye sinki haukuwa na kitu hata cha kumshibisha sisimizi. Mnikumbushe hilo mbele.

Sasa, anti alikuwa anategemea wageni, akina mama wa kikundi chake. Siku mbili kabla akasikia harufu uani, inatoka kwenye lile bomba la plastiki linalopanda ukutani hadi juu ya bati. Akaitwa fundi aliyejenga jiko. Fundi huyo alikuwa na futi kiunoni na penseli sikioni, na sijawahi kumwona akipima chochote. Alipanda ngazi, akashuka, akapangusa mikono. "Tayari, bosi. Harufu nimeifunga." Hakuna aliyeuliza ameifunga na nini. Mtu mwenye futi haulizwi.

Wageni wakaja, wakapelekwa jikoni kama kawaida, bomba likafunguliwa, na kwa mara ya kwanza sinki likakoroma. Gulu, gulu, gulu, gwaak! Mmoja akasema, "Shoga, sinki lako halijanywa chai." Wakacheka wote. Halafu harufu ileile ya uani ikachomoza kwenye tundu la sinki, ikasimama katikati yetu. Anti alifungua madirisha yote huku anatabasamu kwa meno tu.

Fundi akaitwa tena. Akainama, akategesha sikio kwenye sinki kama daktari anayesikiliza mtoto tumboni.

"Humu ndani nani anakula ugali kwa mkono?"

Swali gani hilo! Nchi nzima inakula ugali kwa mkono, na yeye mwenyewe mchana ule alikuwa amemega wetu mara mbili. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kumfuata bibi.

"Ugali unaganda kwenye kona ya bomba, bosi. Hawa wazee wa milimani sinki hawalijui. Mzuie tu, litanyamaza."

Anti akaamini. Ilikuwa rahisi kuamini. Akanunua beseni jekundu, akaliweka nje karibu na banda la kuku. "Mama, wewe utakuwa unanawia hapa, hapa kuna hewa." Hewa! Bibi hakubisha. Jioni aliomba kijiko, akala ugali kwa kijiko, kidogo kidogo, kama anakunywa dawa. Kesho yake hakumaliza. Keshokutwa yake alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaniita.

"Jumamosi unisindikize stendi. Nitapanda la Kilosa, nibadilishe mpaka Dumila, kuanzia pale najua njia."

"Bibi, nyumba inavuja."

"Inavuja, lakini nanawa ninapotaka."

Nilikwenda kulilia chooni, nikifungulia maji ili nisisikike. Na jikoni sinki likakoroma kunijibu. Nililichukia.

Alhamisi asubuhi, anti akiwa sokoni, nilikuwa nahamisha mafuta ya kupikia kutoka kwenye dumu jipya. Gulu, gulu, gwak! Yakaruka mpaka kwenye gauni. Nikasimama na dumu langu mkononi kama mjinga. Sauti ileile! Mama yangu Kilosa anauza mafuta ya alizeti, na tangu utoto nimesikia ukali wake: "We mtoto, litoboe lipumue, au unataka kukaanga mchanga?" Unachoma msumari kwenye jiko, unatoboa tundu karibu na mshikio, hewa inaingilia pale, na mafuta yanatoka taratibu bila fujo. Usipotoboa, dumu linavuta hewa kwa mdomo uleule linaotapikia, ndiyo maana linakabwa.

Basi sinki halikushiba ugali. Lilikuwa linakabwa. Maji yanaposhuka yanataka hewa nyuma yake. Yakiikosa kule juu, kwenye lile bomba la ukutani alilopandia fundi, yanainyonya kupitia sinki. Na yakinyonya hivyo yanakokota na yale maji kidogo yanayokaa kwenye kona chini ya sinki kuzuia harufu. Ndiyo maana harufu ilihamia ndani.

Nikapanda mnara wa tangi la maji, uliosimama kando ya jiko. Kwenye mdomo wa lile bomba, juu ya bati, kulikuwa na gunzi la mahindi. Gunzi! Limefungwa nailoni, limeshindiliwa vizuri, kama tunavyoziba dumu la maji lililopoteza kifuniko. Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa futi. Nililing'oa, nikashuka, nikamwaga ndoo mbili kwenye sinki. Swiii. Basi.

Anti akarudi na kapu lake. Kabla sijafungua kinywa, yeye akafungua bomba. Kimya. Akageukia dirisha, akapaza sauti ili ifike bandani: "Umeona? Siku nne tu hajaligusa, limepona!"

Nilihisi gunzi linaniunguza mfukoni. Kumbe nimemtafutia bibi ushahidi wa kumfunga! Nilipanda tena mnarani, nikalishindilia gunzi palepale, nikashuka natweta.

"Anti, fungua tena, tafadhali."

Gulu, gulu, gulu, gwaak!

"Bibi yuko wapi, anti?"

Akachungulia. Bibi alikuwa kwenye kigoda karibu na kuku, mikono mapajani, kijiko chake juu ya beseni.

"Si yuko nje? Yuko nje tangu asubuhi."

Nikapanda mara ya tatu, nikaling'oa gunzi. "Fungua!" nilipiga kelele kutoka juu. Kimya. Nikashuka, nikaliweka gunzi na nailoni yake mezani. "Huyu hapa, anti, aliyekuwa anakula ugali kwa mkono."

Anti hakuomba radhi, wenye masinki hawaombi radhi. Alichofanya ni kuita dirishani, "Mama! Njoo unawe, chakula tayari!" Ilikuwa saa nne asubuhi na hata jiko halijawashwa.

Bibi alikuja polepole, akanawa mikono isiyo na kitu, akainama kusikiliza. "Limelala," alisema. Mchana akala ugali kwa vidole, akaongeza, na kitenge chake akakifungua mwenyewe. Fundi alipoulizwa alisema bila haya kwamba ni nyani wa mbugani. Nyani! Anayekunja nailoni na kuipiga fundo mara mbili!

Ijumaa, anti na bibi wamelala mchana, nilichoma msumari jikoni, nikalichukua lile beseni jekundu hadi nyuma ya banda. Nikalitoboa matundu matano kitakoni, nikajaza udongo na mbolea ya kuku, nikamwaga mbegu za mchicha.