Mahindi Chini ya Sifuri

Nilipomaliza darasa la saba nilikaa Magomeni, Kilosa, kwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Alikuwa na duka la kuchapa barua kwa kompyuta, na wateja wakipungua alinifundisha lugha ya C. Mimi huandika polepole, herufi moja moja, lakini C haimkimbizi mtu.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kujumlisha kilo za mahindi. Mama mmoja wa Mikumi, aliyefungua ghala baada ya biashara ya mazao kuachiwa watu binafsi, aliitaka. Ikimfaa, angeniajiri niiendeshe. Isipomfaa, ningerudi Kilangali kupalilia.

Tulipoijaribu Kilosa, programu ilikwenda vizuri. Kompyuta ya Mikumi ilikuwa ya zamani, ikabidi tuipitishe upya kwenye kompaila ya huko, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa kazi ya mashine. Ikatoa onyo: huenda tarakimu zikapotea. Lakini programu ilifanya kazi, basi nikaingiza mizigo yote. Jumla ikatokea na alama ya kutoa mbele.

"Hee!" Mama akasema. "Ghala limejaa mpaka mlangoni, wewe unaniambia nina chini ya sifuri? Panya wa kwenu wanakula hesabu?"

Wapakiaji wakacheka. Nikatazama viatu vyangu.

"Ilitoa onyo?" kaka akaniuliza.

"Moja tu. Halikuwa kosa."

"Moja tu! Kwa hiyo ukikuta mzee mmoja tu kibarazani, unapita bila shikamoo?"

"Hapana, kaka."

"Basi rudi ukamwamkie."

Nikarudi, nikasoma onyo neno kwa neno. Uzito wa kila mzigo niliuweka kwenye long, nafasi pana ya namba katika C, lakini jumla niliiweka kwenye int, nafasi ambayo upana wake hutegemea mashine. Kwenye mashine ya Kilosa int ni pana. Hii ya Mikumi ilikuwa nyembamba, ikifurika inageuka hasi. Nikaiandika jumla kuwa long, ambayo ingetosha kote kuwili, nikarekebisha na mstari wa kuionyesha. Safari hii kompaila ilinyamaza, na jumla ikatoka safi.

Mama akaitazama, akayatazama magunia, kisha akamgeukia kaka.

"Huyu akibaki hapa atalala wapi?"

Kaka akanielekezea kidevu, nijibu mwenyewe.

"Popote, Mama," nikasema, kwa sauti iliyowafikia hata wapakiaji kule nje.