Kiti cha Mbele Kando ya Ziwa

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti yangu Entebbe, akapanda ndege kwenda kusoma ng'ambo. Alipoondoka, nikaenda kwenye bustani iliyo kando ya ziwa. Mimi mwuza vitenge wa Arua nimezoea vilima. Maji yasiyo na mwisho sikuwahi kuyaona. Nilivaa gauni langu bora na kutembea kichwa juu, mama wa msomi.

Langoni msichana aliniuliza, "Mama, unatoka wapi?"

"Mi natoka Arua, Awindiri."

"Watu ya West Nile! Karibu. Kiti yenu iko mbele."

Akanibandika ua kifuani. Nikajiambia, mji huu unajua kuheshimu wageni. Nikaketi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, soda mkononi, upepo wa ziwa usoni. Watu walikuwa wamependeza mno, lakini macho yangu yalikuwa kwenye maji tu, sikuuliza kitu.

Mara mwanamume akanipa maikrofoni. "Shangazi, sema neno kidogo."

Nikadhani ni heshima tu. Nikasimama.

"Mi nashukuru nyinyi. Ziwa yenu iko mzuri! Nitaambia Arua yote vile mulinipokea. Na mtoto yangu leo ameruka na ndege!"

Wachache walipiga makofi. Kijana wa suti, aliyeshikana mkono na msichana wa shela jeupe, alinisogelea kwa adabu.

"Mama, shangazi yangu wa Koboko, huko huko West Nile, ndiye yule anashuka kwa gari. Wewe ni nani?"