Bobi ameletwa labo akiwa mzima

Leo mama mmoja wa Rubona ametuletea mbwa wake, Bobi, hapa labo, yaani maabara. Kamfunga kwa kitenge kama mtoto, wakaja kwa moto, pikipiki ya abiria.

Alisikia redioni kwamba sasa tunapima kichaa cha mbwa hapa hapa Gisenyi, hatupeleki tena Kigali.

Ikabidi nimweleze. Tunapima ubongo, yaani mbwa awe ameshakufa.

Jamani, akamziba Bobi masikio.

"Punguza sauti, muganga. Iko anasikia."

Nikauliza Bobi kamuuma nani. Akanionyesha mkono wake mwenyewe.

Hospitali hajaenda. Mbwa kwanza.

Bon, hospitali nimempeleka mimi, chanjo ameanza. Bobi tumemfunga uani tumwangalie siku kumi; akizimaliza mzima, basi hana kichaa.

Hadubini yetu mpya ya kupimia ubongo bado imefunikwa. Niombeeni ikae hivyo.