Maporomoko Niliyapiga Mimi, Jina Likaandikwa Lake

Bwana Mhariri, naomba jina langu lisitokee, maana mji wetu ni mdogo na mama yangu husomewa ukurasa huu kila gazeti likifika. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, Mchaga, nimepanga chumba Ngarenaro. Kazi yangu ni kupiga na kusafisha picha katika duka la Mhindi mmoja hapa Arusha. Sijaoa. Nina moyo usiosahau, na nasema mapema ili msije mkanihurumia bure.

Rafiki yangu nitamwita Elia, ingawa si jina lake. Tumetoka kijiji kimoja na tulipata kipaimara siku moja, ila yeye Kiingereza kilimwingia kuliko mimi, akawa karani mjini. Jumatatu moja ya Pasaka tulipanda Meru kupitia Nkoaranga, tukapita kwenye migomba na kahawa za watu mpaka msituni, tukaone maporomoko ya maji. Tajiri wangu alikuwa ameniazima kamera, na filamu ilibakiwa na picha moja tu. Jua lilizibwa na miti. Elia alikula viazi vyake akalala juu ya jiwe. Mimi nilisimama majini hadi mapajani karibu saa mbili nzima, kamera nimeifunika kwa koti isilowe, nikingoja mwanga. Ulipoingia nikapiga. Miguu iliniuma wiki nzima, lakini nilipoisafisha picha ile nilijua sijawahi kupiga nyingine kama hiyo.

Gazeti moja la Kizungu lilikuwa na mashindano ya picha za nchi yetu. Barua ilitakiwa kwa Kiingereza, Elia akajitolea kuniandikia. Baadaye akaniambia wameikataa, nami nikaamini. Mwaka mpya ulipoingia, tajiri alitundika dukani kalenda ya gazeti lile, na juu yake nikayaona maporomoko yangu, chini yake jina la Elia. Tajiri akaniita niitazame vizuri nijifunze, kwamba karani tu anampita fundi wake. Nikajibu ndiyo, bwana. Mwaka mzima nimefanya kazi chini ya kalenda ile.

Nilimfuata Elia, wala hakukana.

"Zawadi wangempa nani?" aliniambia. "Wewe hata kujieleza mbele yao huwezi. Bila mimi picha yako ingeoza kwenye sanduku."

Niliondoka, kwa sababu ningebaki ningemvunja meno.

Alipotaka kuoa, akaenda kijijini kwa mama yangu na jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu, aliyekosa akileta isale hakataliwi, na anayelipiza kisasi baada ya isale kupokelewa hujiletea balaa yeye na nyumba yake. Elia alimwambia mama kwamba tulikwaruzana kidogo, asiseme kwa nini. Mama akalipokea, akanitumia salamu kuwa mambo yamekwisha na mimi ndiye nitakayepiga picha za harusi. Hakuniuliza, na yeye ni mama, ningemjibu nini? Nilikwenda. Niliwapanga ndugu kwa mistari, nikamwambia bibi harusi ainue kidevu, na watu wakanisifu kuwa nina moyo mweupe. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Sasa nisikilizeni. Picha ikishatokea hutiwa kwenye dawa ya kuikaza, kisha huoshwa kwa maji mengi kwa muda mrefu. Ukikatisha kazi hiyo, siku ya kwanza hakuna atakayejua. Miezi ikipita inaingia manjano, halafu sura zinafutika. Picha za Elia nilizikatisha zote. Nilimkabidhi katika bahasha nzuri, akanikumbatia. Nakiri nilifurahi sana, na siku ile nilikula nikashiba. Filamu yenyewe niliikaza sawasawa, nikaifungia kwenye kabati langu pale dukani.

Mwezi uliopita mama yake Elia alifariki. Maisha yake yote hakupigwa picha ila siku ile ya harusi, ameketi katikati ya watoto wake. Juma lililopita Elia alikuja dukani na picha hiyo ameiviringisha kwenye kitambaa. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na uso wa yule mama ulibaki mdomo na ukingo wa kilemba. Elia alijilaumu kwa kuitundika karibu na jiko, akidhani ni moshi. Nilimwacha ajilaumu.

"Ndugu yangu," akasema, "huyu mama nawe alikupikia. Ile filamu bado unayo?"

Nikamwambia nitaitafuta. Ilikuwa nyuma yangu, hatua mbili.

Nimewaza mengi tangu hapo. Nikimpa picha mpya ikadumu, siku moja atajiuliza kwa nini ya kwanza haikudumu. Nikimwekea sharti kwamba aandike gazetini maporomoko yale aliyapiga nani, ukweli hautaishia kwake, itabidi nami niseme nilichofanya, na mama yangu atajua kuwa isale aliyoipokea kwa mkono wake niliivunja. Yeye ni mzee, na mambo hayo anayaogopa kweli. Tajiri naye hataweka dukani fundi anayeharibu picha za watu makusudi. Na nikisema filamu imepotea, Elia atabaki bila sura ya mama yake maisha yote, na hapo ndipo moyo wangu unaponiambia kwamba ndiyo tumelingana.

Wasomaji, msiniambie nisamehe. Hilo nilishasemewa na mama. Elia atarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Nimpe uso wa mama yake bure, nimdai kwanza ukweli wangu, au nimwambie filamu iliharibika? Nishaurini kabla hajafika, kwa sababu nikiachwa peke yangu najua nitakalomjibu.